Filamu Darasani: Kuwafundisha Vijana wa Sekondari Maadili na Sera za Nchi

(Hotuba iliyotolewa mjini Songea na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya walimu wa sekondari, wachungaji na wazazi. Tunaichapisha kwa ajili ya wasomaji wetu ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Niliombwa nieleze kwa nini idara ya miradi, ambayo wengi wenu mnaifahamu kwa visima, mizinga ya nyuki na ng'ombe wa maziwa, siku hizi inaonekana ikibeba projekta na spika kwenda mashuleni. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza, "Mratibu, sasa mmefungua banda la video?" Swali lake ni la haki, na ninyi mnastahili kulijibiwa.

Jibu langu kwa kifupi ni hili. Kisima kikichimbwa, lazima kijiji kiamue nani atashika ufunguo, nani atachangia matengenezo, na mjane asiye na kitu atachotaje maji. Mambo hayo ni ya maadili, na pia ni ya sera. Vijana walio kidato cha tatu hadi cha sita leo ndio watakaokaa kwenye kamati hizo kesho, ndio watakaokuwa madiwani, mahakimu na wake kwa waume wenye familia. Wasipojifunza mapema kujadili mambo ya namna hiyo kwa hoja na kwa utu, visima vyetu vitaharibika tukingali tunakata utepe. Filamu ni chombo kimoja tu cha kuwafundisha, ila tumeona kinafaa, na leo nitaeleza kinafaaje na kina hatari gani.

Vijana tayari wanaangalia

Tusijidanganye kwamba sisi ndio tutawaletea vijana filamu. Tangu gridi ya Taifa ilipofika Songea mwaka 2018, umeme umekuwa wa uhakika kuliko enzi za mitambo ya dizeli, na vibanda umiza vimeongezeka hata pembezoni mwa mji. Wapo wanaotazama kwenye simu, na wapo wanaosikiliza filamu za nje zikisimuliwa kwa Kiswahili na watafsiri wa video, kazi iliyompa Lufufu umaarufu nchi nzima. Msimulizi huyo hakuishia kutafsiri maneno. Alichekesha, alionya, alimlaumu mhusika na kumsifu mwingine. Kwa maana nyingine, alikuwa anafundisha maadili, na wasikilizaji walimpenda.

Kwa hiyo vijana wetu wanafundishwa maadili kwa filamu kila juma, sisi tukiwepo au tusiwepo. Wanachokosa ni nafasi ya kujibu. Filamu ikiisha kwenye kibanda, inawekwa nyingine. Hakuna anayesimama na kuuliza kama yule shujaa aliyeua watu thelathini alikuwa na haki ya kuwaua.

Sinema ya mafundisho si jambo geni kwetu

Ndugu zangu, kazi hii ina historia ndefu katika nchi yetu, na makanisa yamo ndani ya historia hiyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Baraza la Kimataifa la Misioni, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, liliendesha mradi wa sinema kwa Waafrika. Kituo chake kilikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Walitengeneza filamu fupi 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zilihusu safura, kilimo, kodi, na faida ya kuweka fedha katika benki ya posta.

Baada ya uhuru Serikali nayo ilitumia sinema. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na miaka ya 1970 ikatoa Fimbo ya Mnyonge, filamu iliyohimiza watu kujiunga na vijiji vya ujamaa.

Sizidharau kazi hizo. Zilileta elimu mahali ambapo kitabu hakikufika. Lakini zilikuwa na upungufu mmoja: mtazamaji aliketi ili aambiwe la kufanya. Filamu ya kodi ilionesha kwa nini ulipe kodi. Haikumpa mtu nafasi ya kuuliza ni nani aliyekaa akaamua kiwango cha kodi hiyo, na kwa nini mlipaji hakuwepo kwenye kikao. Filamu ya ujamaa ilimsifu mwanakijiji anayehamia kijijini. Hapa kwetu Songea, watu wa Litowa na vijiji vilivyoungana nao katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma walikuwa wameishi kijamaa kwa hiari yao tangu miaka ya mwanzo ya 1960, wakapanga shamba lao na shule yao wenyewe, na chama chao kikavunjwa na uongozi wa juu mwaka 1969. Lengo lilikuwa lile lile, kufanya kazi pamoja. Tofauti ilikuwa katika swali la nani anaamua. Mwanafunzi anayeelewa tofauti hiyo ameanza kuelewa sera.

Neno "maadili" lilivyotumika

Sasa niseme jambo ambalo huenda likawagusa baadhi yetu. Katika shule nyingi tunaposema "maadili" tunamaanisha mwanafunzi asichelewe, asivae sketi fupi, asijibizane na mwalimu. Hayo yana mahali pake. Lakini neno hili limewahi kubeba mzigo mzito kuliko huo.

Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe shule kwa kosa dhidi ya maadili. Katika shule nyingi nchini, ujauzito ulihesabiwa kuwa kosa la namna hiyo. Wasichana walipimwa, waliokutwa na mimba wakaondolewa. Mwezi Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba katika uongozi wake msichana aliyejifungua hatarudi katika shule za Serikali. Mwezi Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba wasichana hao wanaweza kurudi, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukatoa utaratibu.

Tazameni jambo hilo kwa macho ya msichana wa kijijini Namtumbo au Tunduru. Mimba ya mwaka 2019 ilimwondoa katika shule ya Serikali moja kwa moja. Mimba ya mwaka 2022 ilimwachia njia ya kurudi. Msichana ni yule yule, tendo ni lile lile, na Mungu aliyemwumba ni yule yule. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu waliokaa mezani. Huo uamuzi ndio tunauita sera. Kijana anayefundishwa maadili bila kufundishwa habari ya uamuzi huo ataishia kumhukumu jirani yake tu. Na anayefundishwa sera bila maadili atajua namba za nyaraka zote lakini hataumia kwa ajili ya mtu yeyote.

Filamu moja, maswali mawili

Kwa ajili ya somo hilo tumekuwa tukitumia Yellow Card, filamu ya Zimbabwe ya mwaka 2000 iliyoongozwa na John Riber. Inamhusu Tiyane, kijana wa sekondari mwenye kipaji cha mpira. Anampenda msichana mmoja, lakini usiku mmoja analala na mwingine, rafiki yake wa siku nyingi aitwaye Linda. Linda anapata mimba. Tiyane anajaribu kukwepa, mpaka siku anapoachiwa mtoto mikononi. Filamu ina vichekesho, ina mpira, kwa hiyo wavulana hawasinzii.

Baada ya kuitazama tunauliza maswali ya aina mbili, na hatuchanganyi. La kwanza ni la maadili: Tiyane alipaswa kufanya nini, na lini? Hapa darasa huchemka. Katika shule moja niliyokwenda, wavulana karibu wote walisema kosa ni la Linda. Wasichana walinyamaza. Kisha msichana mmoja wa kidato cha tatu akasimama akasema, "Mbona Tiyane aliendelea kucheza mpira?" Hakuongeza neno, akaketi. Yale mazungumzo yalibadilika kuanzia hapo. Mwalimu asingeweza kulisema vizuri zaidi hata kwa vipindi vitatu.

Swali la pili ni la sera: je, mambo haya yangetokea Songea, sheria ingefanya nini kwa Linda, na ingefanya nini kwa Tiyane? Hapa tunawapa karatasi. Wanasoma kuhusu kanuni za 2002 na waraka wa 2021. Wanasoma pia kwamba marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu anayempa mimba mwanafunzi. Wanashtuka. Wavulana waliokuwa wanacheka wanaanza kuhesabu miaka. Ndipo tunawauliza: adhabu hii ni ya haki kwa mtu mzima anayewarubuni watoto? Na kwa kijana wa umri wa Tiyane, je? Lengo lake ni nini, na mnadhani linafikiwa? Nani anaweza kuibadilisha, na kwa njia gani?

Sisi hatuwapi jibu la swali hilo. Tunataka waone kwamba sheria hutungwa na watu kwa sababu fulani, kwamba sababu hizo zinaweza kupimwa, na kwamba wao siku moja watakuwa miongoni mwa wapimaji.

Mjane na mali

Filamu ya pili tunayoitumia ni Neria, nayo ya Zimbabwe, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Iliongozwa na Godwin Mawuru kutokana na hadithi ya mwandishi Tsitsi Dangarembga, na mwanamuziki Oliver Mtukudzi aliigiza humo na kutunga muziki wake. Neria na mumewe wamechuma pamoja. Mume anafariki katika ajali, na shemeji, Phineas, anaanza kuchukua kitu kimoja kimoja kwa jina la mila. Mwishowe Neria anakwenda kupata msaada wa sheria.

Wanafunzi wa Ruvuma hawahitaji maelezo marefu. Wengi wanamjua Phineas wao. Kumchukia Phineas ni rahisi, na darasa likiishia hapo tumefanya kazi nusu. Tunapenda kuwauliza: kwa nini Phineas ana uhakika kwamba hakuna atakayemzuia? Hapo tunafungua Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, linalomweka mtoto wa kike daraja la mwisho katika urithi na kumfanya mjane mwenye watoto awategemee watoto hao. Kando yake tunaweka Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayotambua haki sawa ya mwanamke kumiliki ardhi. Nchi moja, mjane mmoja, karatasi mbili zinazovutana. Vijana wanagundua kwamba Phineas si jambazi tu aliyetoka porini. Amesimama juu ya kanuni ambayo watu wema waliiacha ilivyo.

Kwa wachungaji niongeze neno hapa. Mara nyingi ni sisi tunaoongoza ibada ya mazishi, na tunaondoka kabla kikao cha ukoo hakijaanza. Wanafunzi waliwahi kuniuliza kwa nini filamu ile haina mchungaji kwenye kikao. Naliacha swali hilo kwenu.

Kaburi la hapa kwetu

Filamu ya tatu imetoka hapa Songea. Inaitwa The Empty Grave, maana yake kaburi tupu. Imeongozwa na Mtanzania Cece Mlay na Mjerumani Agnes Lisa Wegner, na ilioneshwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Berlin mwezi Februari 2024. Inamfuata wakili John Mbano na mkewe Cesilia wakitafuta kichwa cha babu wa ukoo wao, Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji, ambaye mji wetu unaitwa kwa jina lake. Ukoo unaamini kwamba kichwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Inaufuata pia ukoo wa Kaaya wa Meru, wanaotafuta mabaki ya Mangi Lobulu aliyenyongwa mwaka 1900.

Vijana wetu hupita karibu na Makumbusho ya Majimaji kila siku. Kila Februari husikia habari za mashujaa. Hata hivyo kwa wengi yale ni majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Wakiona kwenye pazia watu wa mji wao, wanaozungumza kama wao, wakiingia ofisi za Berlin kuuliza habari za kichwa cha mtu wa kwao, historia inakuwa jambo la nyumbani. Mtaala mpya una somo liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Kwa somo hilo sijui filamu inayofaa zaidi kwa mwanafunzi wa Songea.

Maswali ya maadili hapa ni mazito. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapa Songea na kuomba msamaha. Je, msamaha unaweza kuombwa na mtu ambaye hakutenda kosa, kwa niaba ya nchi yake? Anayesamehe ni nani, ukoo, Wangoni, au Taifa zima? Msamaha bila kichwa kurudi umekamilika? Wakristo tuna mafundisho mengi juu ya msamaha, lakini nimewaona wanafunzi wa Kiislamu na wa Kikristo wakilijadili swali hili bega kwa bega bila mtu kushinda.

Maswali ya sera nayo yapo. Mifupa iliyo katika makumbusho ya nje ni mali ya nani? Mwaka 2023 watafiti wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba kwa vipimo vya vinasaba wamewapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyotoka Tanzania. Baada ya kujua hivyo, nani anapaswa kulipa gharama ya kuyarudisha? Serikali yetu ina wajibu gani kwa ukoo unaodai? Kijana akiweza kuandika ukurasa mmoja wenye hoja juu ya swali moja kati ya hayo, amefundishika.

Sisi Walutheri tusiikimbie sehemu ya Meru. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa pale, na jeshi la Wajerumani likafanya kisasi kikubwa kwa wananchi. Tumezoea kuwakumbuka wale wawili, na ni vizuri tuwakumbuke. Filamu hii inatukumbusha kwamba kuna wengine waliokufa ambao wazao wao pia ni washarika wetu, na hawana kaburi la kuwekea ua.

Filamu nayo ihojiwe

Kuna hatari moja ambayo walimu wanapaswa kuijua. Filamu ina nguvu ya kufanya tuamini kwa kuwa tumeona kwa macho. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, inayohusu biashara ya sangara huko Mwanza. Ilisifiwa sana nje na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Ilionesha samaki wazuri wakipakiwa kwenye ndege huku wananchi wakianika mapanki, na ikadokeza kwamba ndege hizo huja na silaha. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliipinga hadharani, na mjadala ukawa mkubwa bungeni na magazetini.

Wanafunzi wakubwa wa kidato cha tano na cha sita wanaweza kufaidika sana na mfano huu. Tunawataka watenganishe mambo matatu: kilichooneshwa, kilichodokezwa, na kilichothibitishwa. Umaskini wa wavuvi ulioneshwa. Silaha zilidokezwa. Kisha wajiulize: kama picha fulani zimeonewa, je, swali la nani anafaidi samaki wa Ziwa Victoria limekufa? Na kama swali ni la kweli, je, mtengeneza filamu ana ruhusa ya kutia chumvi ili lisikike? Kijana aliyezoea kupima filamu namna hii hatapeperushwa na kila video inayoletwa kwenye simu yake wakati wa uchaguzi.

Mambo ya kuzingatia

Walimu wengi wameniomba mambo ya vitendo. Nayataja kwa ufupi.

Kwanza, muda. Mjadala uwe mrefu kuliko filamu. Filamu ya dakika tisini haitoshi katika kipindi cha dakika arobaini. Igawe sehemu tatu kwa majuma matatu, au tumia Jumamosi. Isimamishe pale mhusika anapotaka kuamua, uwaulize wanafunzi wangefanya nini, waandike, ndipo uendelee.

Pili, lugha. Filamu nyingi ni za Kiingereza, na masomo ya sekondari ni ya Kiingereza. Lakini nimeona mara nyingi kwamba mwanafunzi anayebabaika kwa Kiingereza huwa hodari anaporuhusiwa kusema kwa Kiswahili. Waache wajadili kwa Kiswahili. Baadaye waandike kwa lugha ya mtihani.

Tatu, usalama wa moyo. Katika darasa lolote kuna aliyenyang'anywa mali ya baba yake, na sasa kuna mama kijana aliyerudi shuleni. Usimlazimishe yeyote kutoa ushuhuda. Zungumzeni juu ya Linda na Neria. Mwalimu wa ushauri nasaha awepo, na mwanafunzi anayetaka kutoka nje aruhusiwe bila kuulizwa.

Nne, halali ya filamu. Tangu mwaka 1999 tunayo Sheria ya Hakimiliki, na inalindwa na COSOTA. Huwezi kufundisha uadilifu kwa nakala ya wizi iliyonunuliwa stendi. Waandikieni wenye filamu kuomba kibali. Vilevile zingatieni madaraja ya umri ya Bodi ya Filamu, na mwalimu aitazame filamu yote mwenyewe kabla ya wanafunzi.

Tano, wazazi. Waiteni watazame kabla. Mzazi aliyeitazama Neria hatalalamika kwamba mnawafundisha watoto kudharau mila. Baadhi watatetea mila kwa hoja nzuri, na hilo ni jambo jema, maana watoto watasikia hoja badala ya amri.

Sita, mjadala uwe na mahali pa kwenda. Baada ya kila filamu wanafunzi wachague jambo moja la karibu wanaloweza kufuatilia kwa watu wenye mamlaka. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu. Wakahudhurie, wasikilize, waandike jinsi uamuzi ulivyofikiwa na nani hakusema. Wamwulize Mratibu Elimu Kata ni wasichana wangapi wamerudi shuleni kwa utaratibu wa mwaka 2021. Swali hilo moja, likiulizwa kwa adabu na wanafunzi wenyewe, linaweza kumrudisha msichana ambaye hakuna aliyemwambia kwamba anaruhusiwa. Wapo wasichana wa namna hiyo katika kata zetu. Wako nyumbani wanatwanga, na waraka uko kwenye faili la ofisi.

Hitimisho

Ndugu zangu, katika Katekisimu Ndogo, kila amri inafuatwa na swali fupi la kuuliza maana yake. Na katika amri nyingi, jibu haliishii kwenye kukataza. Linaendelea hadi kwenye kumsaidia jirani na kumlinda. Wengi wetu tulifundishwa kwa njia hiyo kabla ya Kipaimara, na nadhani inafaa hata mbele ya pazia la filamu. Tuwaulize vijana maana ya walichokiona, na jirani yao anadai nini kwao.

Idara yetu ina projekta na spika, na iko tayari kuziazima kwa shule yoyote ya mkoa huu, ya Serikali, ya kanisa au ya binafsi, kwa utaratibu wa barua ya mkuu wa shule. Tunachoomba ni mwalimu mmoja kwa kila shule atakayekubali kukaa na wanafunzi baada ya taa kuwashwa. Ninaomba majina hayo kabla hatujaachana leo.